Barua ya Makabidhiano

Winifrida wa Kaengesa alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliisifu, naye mwenyewe akijua kuwa ni sifa: hakuondoka nyumbani akaacha jambo likining'inia. Hata akienda Sumbawanga mjini kuuza maharage na kurudi jioni yake, wa kufungia kuku alijua, mwenye funguo alijua, na jembe la kuazima lilikuwa limekwisha kurudi kwa mwenyewe tangu jana.

Tabia hiyo aliipata mwaka aliofiwa na mumewe. Teodori alipelekwa Mbeya kufanyiwa upasuaji wa tumbo, akapunga mkono dirishani mwa basi kama mtu anayekwenda mnadani, na hakurudi tena. Hakuwa amesema neno juu ya shamba wala mbuzi. Ndugu zake walivutana miaka mitatu, na Winifrida, na kilio chake bado kibichi, akawa mtu wa kushinda ofisini kwa mtendaji wa kijiji akisikiliza watu wazima wenye mvi wakitukanana kwa ajili ya mpaka. Mambo yalipokwisha akajiapiza kwamba yeye hatamwachia mtu mzigo wa namna hiyo.

Mwezi wa kumi ilikuja simu kutoka Ulaya. Aliyepiga hakuwa Avelina, mwanawe pekee. Alikuwa Stumai, msichana wa Kirando, ziwani, ambaye Avelina alikutana naye hukohuko ughaibuni, wakapanga chumba pamoja na kufanya kazi pamoja ya kutunza wazee wa watu. Stumai alimwamkia shikamoo mara mbili, kisha akashindwa kuendelea, na simu ikachukuliwa na Avelina mwenyewe.

"Mama, ni ini," Avelina alisema. "Ni saratani. Madaktari wameacha dawa. Wanasema ni wiki chache, labda nifike Krismasi. Kwenye ndege hawanipandishi tena."

Winifrida alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye majivu ya jikoni.

"Unataka nini, mwanangu? Sema."

"Njoo, mama. Sitaki kitu. Nataka unishike tu."

Miaka tisa Avelina alikuwa hajarudi. Alituma bati za nyumba, alituma ada za watoto wa watu, lakini yeye kila mwaka alisema mwakani. Sasa mwakani haikuwepo, na mama mtu alikuwa na pasipoti ya kutafuta, ubalozi wa kuukabili Dar es Salaam, na wiki za kuhesabu kwa vidole.

Aliyemshika mkono katika hayo ni Mary, binti wa kaka yake, mwenye steshenari pale Mazwi, Sumbawanga mjini. Mary alikuwa anatoa kopi, anachapa barua za mirathi, anawajazia watu fomu za vyuo na za ajira, na kwa kompyuta yake ile yenye vumbi hakuna ofisi iliyomtisha. Lakini fomu ya viza ya matembezi ilimtoa jasho. Iliuliza mambo ambayo hata paroko hakuwahi kumuuliza Winifrida kwenye kitubio. Umewahi kuishi wapi miaka kumi iliyopita? Kaengesa. Na kabla ya hapo? Kaengesa. Nani atakulisha? Nani atakulaza? Nani atathibitisha kwamba anayekulaza ana pa kukulaza?

"Shangazi, hawa watu katika maswali yote haya wanataka jambo moja tu," Mary alimwambia. "Wanataka wajue kwamba utarudi."

"Nisiporudi nitakwenda wapi?"

"Wao hawajui. Kwa hiyo tuwaonyeshe una kwako. Leta kila karatasi."

Winifrida alileta kila karatasi. Hati ya kimila ya shamba, ekari nne. Picha ya nyumba. Barua ya jumuiya ndogondogo na barua ya parokia. Mary alizipanga kwenye faili la bluu, juu kabisa akaweka barua ya daktari wa Avelina na mwaliko wa Avelina wenye saini iliyotetemeka. Pasipoti ikatoka, siku ya usaili ikapangwa, na Mary akamwambia shangazi yake arudi Kaengesa wiki moja akafungashe.

Hapo ndipo tabia yake njema ilipomponza.

Mtu wa kwao haendi safari ya kupanda ndege, kuvuka bahari, kwenda kumuuguza mtoto bila kujua mwisho wake, akaondoka kimyakimya kama mwizi. Winifrida aliaga nyumba kwa nyumba. Wale aliowakosea aliwaomba radhi, na waliomkosea yeye aliwasamehe. Nguo zake za jumuiya alizigawa, maana huko Avelina alisema kuna baridi ya makoti. Kisha akamwita Nestory, mtoto wa shemeji yake, yule pekee ambaye baba yake hakutia mdomo katika ugomvi ule wa miaka mitatu, na wakaenda naye kwa mtendaji.

Mtendaji aliandika kwa mkono wake, kwa mwandiko wa kulala: Barua ya Makabidhiano. Kwamba Bibi Winifrida, akiwa na akili timamu, leo hii amemkabidhi Nestory shamba, nyumba, mbuzi wanne na kihenge cha ulezi, kuanzia leo viko mikononi mwake, na mtu yeyote asije akaleta maneno. Mashahidi watatu wakaweka saini, muhuri ukagongwa. Kwamba atarudi hakukuandikwa, kwa sababu katika watu sita waliokuwa ndani ya chumba kile hakuna aliyefikiri jambo hilo linahitaji kuandikwa. Mwezi wa tatu Winifrida alikuwa amefukia majani shambani, akayafunika kwa udongo matuta mazima ya ntumba, ya mviringo, moja baada ya jingine mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Juu yake alipanda maharage, akavuna. Majani yale yalikuwa yakiozea humo chini yakingoja mvua, yatandazwe na kupandwa ulezi. Mtu anayefukia majani mwaka huu anafukia chakula cha mwaka ujao. Kila Mfipa analijua hilo bila karatasi.

Barua ile ilimpendeza sana. Aliisoma mara tatu kwa kuitafuna polepole, kisha akaona haifai kubaki kabatini. Mary alisema kila karatasi, na karatasi gani ingemsema vizuri kuliko hii? Ingewaambia wale wazungu kwamba huyu anayekuja kwenu si mtu wa kuacha fujo nyuma yake. Akaitia kwenye faili la bluu, juu ya zote, na kwa kuwa aliona haya kujisifu, hakumwambia Mary.

Walisafiri wote wawili, shangazi na binti wa kaka, siku mbili barabarani mpaka Dar es Salaam. Mlangoni pa ubalozi Mary alizuiwa. Wenye miadi tu ndio wanaoingia. Alivuka barabara akasimama juani upande wa pili, akimwonyesha shangazi yake kwa mkono: nenda, nenda.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na ukimya wa kanisani saa ya komunio. Kwanza walitaka alama za vidole. Mashine ilikataa. Kijana aliyehusika alimfuta vidole kwa kitambaa chenye dawa, akambonyezea, ikakataa tena. Jembe lilikuwa limekula mistari yote. Alijaribu mara tano mpaka kioo kikakubali vidole sita kati ya kumi, na Winifrida akaomba radhi kwa vile vinne.

Kisha dirishani. Ofisa alikuwa mama wa Kizungu wa umbo dogo, mwenye miwani, na si mtu mbaya. Tuseme ukweli, alimsalimu vizuri na hakupandisha sauti hata mara moja. Kando yake alikaa mkalimani, mwanamume wa makamo mwenye kitambulisho kilichoandikwa Benjamini. Waliuliza kuhusu Avelina, Winifrida akajibu. Waliuliza ugonjwa, akajibu, na ofisa akaguna kwa huruma. Halafu Benjamini akafungua faili la bluu na kukutana na barua ya mtendaji. Aliisoma kimya. Aliisoma tena. Akamtazama Winifrida kwa macho ambayo yeye hakuyaelewa wakati ule.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hii barua una hakika umetaka kuileta hapa?"

"Isome, baba. Hiyo ndiyo ya maana kuliko zote."

Benjamini alishusha pumzi, akatafsiri. Alitafsiri taratibu, kama mtu anayetafuta njia ya kupita na haioni. Ofisa akaacha kuandika.

"Anauliza, shamba kwa sasa ni la nani?"

"Liko kwa Nestory."

"Na nyumba?"

"Funguo anazo Nestory. Mbuzi anao. Kila kitu nimekiweka mahali pake," Winifrida alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi akajisikia fahari kidogo. "Mwambie sidaiwi na mtu. Nimeaga kila mtu. Sijaacha kitu nyuma."

"Anauliza, kwa hiyo nyuma hujaacha kitu?"

"Hata kimoja."

Ofisa aliandika. Kisha akauliza swali la mwisho, akiliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliomkata maini Winifrida kila alipoukumbuka baadaye. Viza ni ya siku thelathini. Siku thelathini zikiisha na binti yako bado yu hai, utafanyaje?

Mjanja angekuwa na jibu. Mary alikuwa amemfundisha jibu, kwenye basi, kuanzia Tunduma mpaka Makambako. Lakini Winifrida alimwona Avelina kitandani, akamwona mtu mwingine, yeye mwenyewe, amebeba begi anaelekea mlangoni, na ulimi ukakataa.

"Mwambie na yeye ni mwanamke," alisema. "Mwambie anijibie."

Benjamini alitafsiri. Ofisa alifunga faili na kusema atatumiwa taarifa.

Taarifa ilikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata, kwenye kompyuta ya Mary, Mazwi, wakati mteja mmoja anasubiri kopi za cheti. Mary alisoma kimoyomoyo. Akamwambia mteja mashine imeharibika, akafunga mlango nusu.

"Soma," Winifrida alisema.

"Shangazi..."

"Soma, Mary. Mimi si mtoto."

Ilikuwa ni karatasi yenye vijisanduku, na kijisanduku kimoja kilikuwa kimetiwa alama. Hatujaridhika kwamba mwombaji ana nia ya kuondoka nchini mwetu kabla viza yake haijaisha. Chini yake kuliongezwa sentensi moja, fupi: mwombaji amekwisha kuhamisha mali zake zote, na ametamka mwenyewe kwamba hakuacha kitu nyuma. Anaweza kukata rufaa ndani ya mwezi mmoja.

"Mali zipi alizohamisha?" Mary aliuliza, akageuka. "Shangazi, uliwapa nini?"

Winifrida akamwambia. Mary alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukuniambia? Ningeichana! Ningeichana palepale!"

Halafu akaona uso wa shangazi yake, akajuta kusema, akamkumbatia. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka na lilikuwa la kweli. Winifrida alikaa kwenye benchi la wateja. Alitaka kukasirika na mtu, akamtafuta wa kumkasirikia, na kila alipozunguka alijikuta yeye. Watu walisema ni mwanamke wa mpangilio. Mpangilio huo ndio uliomfungia mlango kwa mtoto wake. Na yale matuta! Alikuwa na matuta ya ntumba shamba zima, majani yanaoza chini kwa chini kwa ajili ya msimu wake, na mbele ya yule mama mwenye miwani hakuwa na akili ya kutamka kwamba nimefukia majani, nitakosaje kurudi?

Kesho yake alikuja Nestory, kwa pikipiki, katika mvua ya kwanza, matope mpaka magotini. Habari zilikuwa zimefika Kaengesa. Hakukaa. Alitoa nakala yake ya barua ya makabidhiano kutoka ndani ya shati, akaichana mara mbili, mara nne, mara nane, mbele ya Mary na mbele ya wateja.

"Mama mdogo, shamba lako ni lako. Nyumba yako ni yako. Mimi nilikuwa nalinda tu, kila mtu anajua," alisema huku analia waziwazi, mwanamume mwenye watoto wanne. "Niandike barua nyingine? Niende mimi huko Dar niwaambie?"

"Utawaambia nini, baba? Wameshaandika."

Rufaa Mary aliiandika usiku huohuo na kuituma. Walijibiwa kwamba imepokelewa. Hawakujibiwa lingine.

Kumwambia Avelina ilibaki kazi ya Winifrida mwenyewe, na aliiahirisha siku mbili kwa uongo kwamba majibu bado. Siku ya tatu Avelina aliuliza kwenye simu, sauti imekuwa nyembamba: "Mama, umekwisha kufungasha?" Ndipo akasema yote. Kuaga nyumba kwa nyumba, barua, muhuri, dirisha. Upande wa pili akasikia kitu ambacho kwanza hakukijua. Avelina alikuwa anacheka.

"Mama yangu wewe. Mtu wa huku akienda kutembea anafunga mlango tu, anaondoka."

"Nimekosa, mwanangu. Nimekuponza."

"Hujakosa." Kicheko kilikatika, na sasa alikuwa analia. "Hujakosa, mama. Ila nilitaka uje. Nilitaka sana uje."

Baadaye kidogo akasema: "Basi tusikate simu."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Winifrida hakurudi Kaengesa. Mtandao wa Mazwi ulikuwa wa uhakika zaidi. Alikaa chumba cha nyuma cha steshenari, simu imechomekwa kwenye umeme mchana na usiku, na huko ng'ambo Stumai aliilaza simu nyingine kwenye mto, karibu na sikio la Avelina. Watu wa Kaengesa walisikia, wakaanza kutuma bando. Mwenye kidogo alituma kidogo. Hata wale mashemeji waliotukanana kwa mtendaji walituma.

Hawakuzungumza kila saa. Nani ana maneno ya kutosha? Winifrida alifua, na Avelina akasikia maji. Alisali rozari, na Avelina akaitikia mpaka alipochoka, halafu Stumai, Mwislamu wa Kirando, akawa anamwitikia "utuombee" badala yake ili mama asisali peke yake. Winifrida alimweleza mvua ilivyonyesha, nani kaoa, nani kafa, ng'ombe wa nani kaingia kwenye maharage ya nani. Alimwimbia nyimbo za kumbembeleza alizomwimbia mgongoni. Wakati mwingine Avelina alisema "mama", basi, na Winifrida akajibu "nipo", na hayo yakawa ndiyo mazungumzo ya saa nzima. Aligundua kwamba anaweza kujua kwa pumzi tu lini mwanawe amelala na lini anajifanya amelala. Ila mkono ulikuwa hauna kazi. Mara kwa mara alijikuta anaipapasa simu, akaona haya, akaacha.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, Winifrida alikuwa anapepeta ulezi kwenye ungo, polepole, asipige kelele. Avelina hakuwa amesema neno tangu jana mchana. Pumzi yake ilikuwa ndefu, kisha kimya, kisha ndefu. Ikaja ndefu nyingine. Winifrida akaacha kupepeta, akangoja. Alingoja muda mrefu.

"Mama," Stumai alisema hatimaye. "Mama Avelina. Amepumzika, mama."

"Nimesikia, mwanangu. Nisogeze sikioni kwake."

Stumai akasogeza. Winifrida aliongea na mwanawe kwa Kifipa, polepole, maneno ambayo hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kuyatafsiri, na alipomaliza akanyamaza bila kukata simu. Alisikia viatu. Alisikia mlango, magurudumu ya kitu kinachosukumwa, sauti ya mwanamume inayouliza na ya Stumai inayojibu katika lugha ile. Iliuliza tena.

"Mama," Stumai alisema, "wahudumu wana fomu wanajaza. Wanauliza kama kulikuwa na ndugu yeyote pamoja naye wakati anakata roho."

"Waambie alikuwa na mama yake."

Stumai aliwaambia. Winifrida alisikia jinsi alivyowaambia, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa kupandisha sauti, mara ya tatu karibu na kugombana. Kisha akarudi kwenye simu, na hapo alikuwa analia.

"Wanasema wanaandika waliokuwa chumbani tu, mama. Wameandika hakuna."

Winifrida alikuwa hajatoa sauti ya kilio tangu mwezi wa kumi, kwa kuwa hakutaka kumtisha mgonjwa. Sasa aliweka ungo chini, akaishika simu kwa mikono miwili mbele ya mdomo wake, akalia kwa nguvu zake zote, kilio cha Kaengesa kile cha kuita majirani. Mary alikuja mbio akataka kuichukua simu, naye akaikatalia, akaendelea kulia humohumo, ili kule chumbani wasikie kwamba kuna mtu.